Shati la Baba Watoto

Mume aliyesifiwa kuliko wote mtaani kwetu alikuwa maiti. Hakulewa, hakumpiga mtu, hakugombana na jirani kwa sababu ya takataka wala kelele. Wanawake waliwasimanga waume zao kwa ajili yake: mtazameni yule wa chumba cha pembeni, anakuja kimya, anaondoka kimya, na mashati yake hayakosi kwenye kamba. Mama yangu alizisikiliza sifa hizo huku ameinamia gunia lake, sindano mkononi, na kila mara alijibu vile vile, kwamba ni kweli, mume wake hana makuu.

Siku hizi watu wanatundika ukutani picha za enzi zile. Wanaume wamesimama na makoti yao, wake wameketi mbele, na wajukuu wanasema ona watu wa zamani walivyokuwa na heshima zao. Mimi nikiona koti kwenye picha hizo huuliza kwanza kama ndani yake mna mtu. Wananiita bibi mkorofi. Basi na niwe mkorofi.

Vyumba vya mtaa wetu vilikuwa mali ya utawala, na vilipewa wanaume. Mwanamke aliishi humo kwa mgongo wa mumewe. Mume akifa, mke alipewa muda mfupi wa kufunga virago, kisha akapelekwa Nyumba ya Wajane, jengo refu nyuma ya kambi ya askari, lenye mlango mmoja na madirisha yaliyowekwa juu kuliko kichwa cha mtu. Watoto hawakupokelewa kule. Watoto waligawanywa, huyu kwa mwenye duka, yule kwa mwenye karakana, wafanye kazi wapate kula. Wenyewe waliita kuwasaidia. Nilikuwa na rafiki yangu wa kucheza naye aliyesaidiwa namna hiyo. Baadaye nilikutana naye njiani amebeba ndoo mbili za maji, akanipita kama hanijui.

Baba yangu alikuwa mpasua mawe. Machimbo yalikuwa mbali, na nyumbani alikuja mara chache, akifika jioni na kuondoka kabla jua halijatoka. Homa ilimuua huko huko kazini. Msimamizi wa machimbo hakuwa mtu wa kuwapelekea wajane habari; mtu akifa alizikwa, na nyundo yake akapewa mwingine. Aliyetuletea taarifa alikuwa mwenzake wa kazi, aliyekuwa akipita kurudi kwao moja kwa moja, na alituletea pia furushi la nguo: mashati mawili, suruali, koti zito, kofia, mkanda na viatu.

Mama alimsikiliza, akampa maji ya kunywa, akamshukuru, akafunga mlango. Nikadhani sasa atalia. Alikaa kitandani na furushi mapajani, akatutazama watoto wake wanne: dada yangu mkubwa, mimi niliyemfuata, na wadogo zetu wa kiume, mapacha, waliokuwa bado hawajui hata kujifunga suruali. Alitutazama mpaka nikaogopa.

"Baba yenu hajafa," akasema. "Yuko machimboni. Mkiulizwa, yuko machimboni, na akija huja watu wamelala. Anayetaka kulia aseme tumbo linamuuma."

Mapacha waliamini kwamba baba yuko machimboni. Mimi na dada tuliumwa na tumbo wiki nzima.

Tangu siku hiyo tukaanza kumfuga baba yetu nyumbani kwa nguo zake. Koti lilitundikwa kwenye msumari ulioelekea mlango, ili mtu akipiga hodi na mlango ukifunguliwa, kitu cha kwanza atakachokiona kiwe hicho. Viatu vilikaa kizingitini, na mama alivigeuza geuza kila asubuhi, leo pua nje, kesho pua ndani. Mkanda uliachwa juu ya kiti kana kwamba mwenyewe ameuvua sasa hivi. Mama alikuwa mshonaji wa magunia kwenye ghala la nafaka, mtu wa mshono mmoja ule ule mchana kutwa, lakini katika mambo haya alikuwa na akili ya mwizi.

Kazi ilikuwa siku ya kufua. Kamba za uani kwetu zilikuwa kama mdomo wa mtaa. Ukipita ukitazama ungejua nani amejifungua, nani anakojoa kitandani, nani kapata gauni ambalo mumewe hakumnunulia. Mzee wa mtaa, tuliyemwita Kidevu kwa sababu alitanguliwa na hicho kidevu kila alikokwenda, siku hiyo alikuwa na desturi ya kuzunguka, mikono nyuma, akizikagua kamba. Chumba ambacho kamba yake ilikosa suruali kwa muda, hodi ilipigwa.

Mara ya kwanza mama alipofua mashati yale, jirani yetu Mama Mkaa, muuza makaa, alikuwa kwenye karo hilo hilo la kufulia. Mama akasugua, akasugua, maji yakabaki meupe. Mama Mkaa akayatazama yale maji, akauliza kwa utani kama mume huyu huwa hatoki jasho. Mama akacheka naye, akasema mumewe ni mtu wa kuoga. Shati safi halifuliwi, na hilo tulikuwa hatujalifikiria.

Jibu lilikuwa dada yangu. Tulimwita Mlingoti. Alikuwa binti mkubwa wa kuolewa, mrefu kumpita mama kwa kichwa kizima, na alibeba magunia begani kwenye ghala lile lile alilokuwa akishona mama. Kuanzia wiki ile, akirudi kazini alinawa uso tu, akavaa shati la baba, akapika nalo, akalala nalo. Ilipofika siku ya kufua ukosi ulikuwa mweusi kama wa mpasua mawe yeyote. Mama Mkaa aliyaona maji yakigeuka rangi akaridhika. Baba alikuwa amezikwa mbali huko, na Mlingoti ndiye aliyekuwa akimtolea jasho.

Na kikohozi pia. Siku moja Kidevu alikuja anataka kusema na mwenye nyumba. Mama akamwambia amelala, amefika amechoka. Kidevu hakuondoka, alisimama tu mlangoni akilitazama koti. Ndipo nyuma ya pazia dada akakohoa, kikohozi kizito cha mtu mwenye vumbi la mawe kifuani, kisha akakohoa tena kwa hasira kidogo. Kidevu akarudi nyuma hatua. Akasema, "Pole na uchovu, bwana," akaenda zake. Tulicheka tukiwa tumeiziba midomo kwa mito. Mama naye alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yale machozi hayakukatika, na sisi tukaacha kucheka mmoja mmoja.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na sitawadanganya kwamba ilikuwa shida tupu. Tulikuwa pamoja. Mapacha walikua, wakaanza kujivika wenyewe. Ila mama alikonda. Mke wa mtu hawezi kuvaa huzuni ya mjane, na yeye alikuwa mjane kutoka utosini mpaka kisiginoni.

Kisha vikaja vita. Vilikuwa vita vya watu wengine na vya mbali, lakini mizigo yake ilitaka mabega yetu. Amri ilitangazwa sokoni: kila chumba chenye mwanamume kimtoe aende kuwa mpagazi wa jeshi. Asipojitokeza, mkewe atakamatwa na kuwekwa zizini, pale palipokuwa pakifanyiwa mnada wa ng'ombe, na hatatoka mpaka mumewe aje achukue nafasi yake.

Mnaweza kufikiri wenyewe mtaa ulivyokuwa. Kabla ya saa ya chakula suruali zote zilikuwa zimetoweka kwenye kamba. Mashati yalifichwa chini ya vitanda, viatu vikatupwa darini, na waume wakaingia walikoingia. Mume wa Mama Mkaa aliingia nyuma ya makaa akatulia humo. Wanawake waliokuwa wakijivunia waume jana, leo kila mmoja alikuwa hana. Mama naye alianua mashati yake, lakini alijua kwamba Kidevu ameshayaona muda mrefu kuliko ya mtu yeyote. Alikaa siku nzima na sindano mkononi bila kushona.

Walikuja asubuhi, Kidevu mbele na sajini nyuma yake na askari wawili. Dada alikuwa hajaondoka kwenda ghalani. Shati la baba lilikuwa juu ya kitanda, amelivua punde tu; alikuwa amelala nalo kwa mazoea, ingawa hakukuwa tena na haja.

Kidevu akasema, "Mama, machimbo yamefungwa. Wapasua mawe waliokuwepo wamechukuliwa wote. Wako hayumo. Yuko wapi?"

Mama aliwatazama mapacha, akanitazama mimi. Niliona anapima. Akisema amekimbia, watamkamata yeye na kumngoja mtu asiyeweza kuja. Akisema kweli, ni Nyumba ya Wajane. Nafikiri aliona heri jengo ambalo angalau lina mlango unaojulikana. Akasema maneno ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia kinywani mwake.

"Mume wangu alikufa."

Sajini akacheka, na sidhani alikuwa mtu mbaya kuliko wengine, alikuwa amechoka tu. Akasema mtaa huu umeingiliwa na balaa gani, maana tangu asubuhi kila mlango wanaogonga mume amekufa, na jana wote walikuwa hai.

Mama akasema huyu si wa jana, ni wa zamani, alikufa kwa homa huko huko machimboni. Hapo Kidevu akapandwa na hasira. Alikuwa mtu anayejivunia kujua mambo ya mtaa wake, na mbele ya sajini alikuwa anaambiwa kwamba ametazama nguo za maiti na kuzihesabu za mtu aliye hai. Akaapa kwamba yeye mwenyewe, kwa masikio yake, amezungumza na mwanamume huyo humu ndani, akampa pole ya uchovu, na akaitikiwa.

"Ni mimi niliyekohoa," dada akasema. "Baba amekufa. Na shati ninalivaa mimi."

Alikuwa amesimama wima kabisa, kichwa kinakaribia dari. Sajini hakumtazama hata usoni. Akasema binti yeyote angesema hivyo kwa ajili ya baba yake, na kwamba ni jambo zuri. Kisha akaliokota shati kitandani, akaugeuza ukosi, akaunusa. Akamnusisha na Kidevu.

"Maiti wenu huyu anatoka jasho," akasema.

Wakamchukua mama. Hakupiga kelele. Aliniambia nisisahau kuwalisha mapacha, akatoka katikati ya askari akijifunga vizuri nguo yake ya kichwani. Kwenye kizingiti aliviruka viatu vya baba ili asivikanyage.

Zizi lile lilikuwa na uzio wa mbao nene, na wanawake waliwekwa humo juani pamoja na harufu ya ng'ombe wa miaka yote. Nilimpelekea mama chakula, nikampitishia kati ya mbao. Siku ya kwanza alikula. Wengine waliitwa mmoja mmoja langoni kadiri waume zao walivyojitokeza. Mwanamume alikuja ameinamisha kichwa, mke akatoka, wakapishana, wengine bila kutazamana. Waliokuwa na waume wagumu wa moyo walibaki. Mama yangu alibaki nao, na wao walimhurumia kuliko wote, kwamba mwanamume aliyekuwa akisifiwa hivyo naye kumbe ni mwoga.

Nyumbani mambo yalikuwa yanakwenda mbio. Kidevu alikuja na mtu wa tanuri la matofali. Binti ambaye hajaolewa hakuhesabiwa mtu mzima, kwa hiyo chumba chetu kilikuwa chumba cha watoto peke yao, na watoto wa namna hiyo husaidiwa. Yule mtu aliwaita mapacha wamwonyeshe viganja. Wakamwonyesha, wakifikiri watapewa kitu. Akafinya vidole vyao, akagonga vifua vyao, akasema atamchukua huyu, huyu mwingine ana kifua chembamba. Angerudi wanajeshi wakishaondoka, asije akaonekana anamnyang'anya baba mwenye watoto kabla haijajulikana kama atakuja. Mapacha hawakuwa wamewahi kulala vitanda mbalimbali. Yule aliyekataliwa alianza kulia kwamba na yeye anataka kwenda.

Nilimtazama dada. Alikuwa akilitazama koti pale msumarini.

Nilikimbia zizini kumweleza mama. Aliposikia habari za tanuri aling'ata mkono wake mwenyewe hapa, kwenye nyama ya kidole gumba, mpaka nikaona alama. Kisha akaniuliza dada yangu amesema nini. Nikamwambia alikuwa akilitazama koti la baba.

"Mwambie asifanye lolote," akasema. "Umesikia? Mwambie mimi nitapata njia."

Alikuwa anamjua mwanawe. Nilipofika nyumbani na ujumbe wangu, Mlingoti alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkasi wa magunia mkononi, na nywele zake zimelala sakafuni.

Nikamwambia alivyosema mama. Akauliza, bila ukali, ni njia gani hiyo atakayoipata mtu aliye ndani ya zizi. Akanipa mkasi nimalizie nyuma ambako hafiki.

Alikuwa amefikiri kila kitu, au alinifanya niamini hivyo. Gauni lake alilikunja akajifunga nalo kifuani, likambana, juu yake akavaa shati. Alisema wakishafika porini, wapagazi wakiwa wengi na askari wachache, atajitenga kama mtu anayekwenda haja, avue vya baba, avae gauni lake, arudi mjini kama mwanamke yeyote anayetoka kutafuta kuni. Nani atamtazama. Mizigo hakuiogopa, magunia alikuwa akiyabeba kila siku. Alijipaka masizi kidogo kidevuni. Viatu vilikuwa vikubwa, tukavijaza matambara mbele. Nikamfunga vifungo vya koti, na nilipomaliza nikarudi nyuma kumtazama.

Koti lilimkaa sawasawa. Mabega yalikuwa mabega ya baba. Hilo ndilo lililonitisha, maana mpaka hapo nilikuwa natumaini kwamba halitamtosha na tutalazimika kufikiri jambo jingine.

Tuliwafungia mapacha ndani, tukatoka kwa njia ya nyuma. Langoni pa zizi sajini alikuwa ameketi kwenye sanduku. Nikamwambia nimemleta baba. Alimtazama dada kutoka juu hadi chini, akaamuru anyanyue mzigo wa kujaribia uliokuwa pale chini. Dada akaupandisha begani kama anavyopandisha gunia. Sajini akafurahi. Alichotaka ni mabega. Lakini kulikuwa na watu waliokuwa wakiwapeleka wazee wagonjwa na vichaa wa barabarani kuwa waume ili wake zao watoke, na wapagazi hao walianguka kabla hawajavuka mji, kwa hiyo ilikuwa imetolewa amri kwamba kila mke amtambue mumewe kwanza, na akidanganya wote wawili watabaki zizini.

Mama akaitwa.

Alikuja akisitiri macho yake na jua. Aliona kofia kwanza, kisha koti, na kwa dakika ile moja, mimi nilimwona, uso wake ulifunguka. Wallahi ulifunguka, kama wa msichana. Halafu akaona ni nani.

Najua alichokuwa akipima, kwa sababu mimi mwenyewe nimekipima maisha yangu yote na sijapata uzito wake. Akimkana, dada atarudi nyumbani na hizo nguo, na yeye atarudi zizini, na mmoja wa mapacha ataingia kwenye tanuri. Akimkubali, atatoka hapa sasa hivi na watoto watatu badala ya wanne. Alinitazama mimi, mara moja tu. Nilitaka aseme hapana, na nilitaka aseme ndiyo.

"Mama, nakuuliza," sajini akasema. "Huyu ndiye mume wako?"

Mama akasogea mpaka akamfikia dada. Akamweka ukosi sawa. Akakishika kifungo cha juu cha koti nilichokuwa nimekiacha wazi, akakifunga.

"Ndiye," akasema. "Ndiye baba wa wanangu." Na kwake yeye akasema, kwa sauti ya mke wa mtu, ya kawaida kabisa, "Umechelewa kuja, baba watoto. Haya, nenda. Usilale na nguo mbichi."

Dada alitikisa kichwa kuitikia. Sauti yake ingemfichua. Askari akamsukuma kwenye mstari, na kwenye mstari ule alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi, na hakugeuka.

Sitawazungusha: hakurudi. Vita vilipokwisha walirudi wachache, wamebaki mifupa, na mmoja wao alisema aliwahi kumwona mtu mrefu asiyependa maneno, aliyetumbukia na mzigo wake wakati wa kuvuka mto wa kule mbali. Msafara haukusimama. Kama alipata nafasi ya kujitenga, kama alijaribu, hakuna aliyetuambia. Kama kuna aliyemzika sijui kama alijua anamzika nani. Chumba kilibaki chetu muda wote wa vita, maana kwa sheria mwenye chumba alikuwa kwenye utumishi, na mapacha wakalala kitanda kimoja mpaka miguu yao ikawa inatokeza nje. Wote wawili walioa. Wote wawili wana wajukuu, na ni wajukuu hao wanaoniita mkorofi.

Ila mimi nikikumbuka si mto ninaoukumbuka, kwa sababu sikuuona. Nakumbuka siku ile ile tuliporudi nyumbani na mama. Hatukuwa tumekaa. Mama Mkaa alikuja, na wengine wakaja nyuma yake, chumba kikajaa. Walikuja kumpa pole na sifa kwa pamoja. Mama Mkaa alisema kwa sauti ya chini, ukuta usimsikie, kwamba wa kwake bado amejichimbia nyuma ya makaa anakohoa vumbi jeusi, na natamani, alisema, natamani siku moja awe mwanamume kama wako, maana wako amejitokeza. Wengine wakaitikia. Mama alikuwa amekaa kitandani akiwaitikia mmoja mmoja, nimempa maji lakini hajanywa.

Kisha Mama Mkaa akatazama huku na huku, akauliza Mlingoti yuko wapi, mbona hayupo kumfariji mama yake siku kama hii.

Kwenye sakafu, chini ya kigoda, nywele zilikuwa bado zipo, nami nikasogeza mguu wangu nikazikanyaga.

"Ameolewa," mama akasema.

Walishangaa. Lini, na nani, mbona ghafla hivyo.

"Mtu wa mbali," mama akasema. "Alikuja kumchukua asubuhi hii. Mambo yalikuwa ya haraka, kwa sababu ya vita hivi. Amekwenda naye."

Basi wakafurahi. Katika huzuni yote ile ya mtaa wetu ilikuwa ndiyo habari njema ya kwanza, na waliishika kwa mikono miwili. Wakasema binti yule alistahili, mchapakazi vile, na urefu wake wote kumbe aliyemtaka alikuwepo. Wakacheka. Wakasimama mmoja mmoja wakampa mama mkono wa hongera, na mama akaupokea kila mkono, akashukuru.

Mama Mkaa ndiye aliyekuwa wa mwisho. Aliushika mkono wa mama kwa muda, akasema Mungu amjalie bwana mwenye huruma, asimbebeshe mizigo mizito.

"Amina," mama akasema.